Kapeti la Boneti: Ohio na Dar es Salaam

Fungua boneti ya gari lako utazame upande wake wa ndani. Gari nyingi ndogo hutoka kiwandani zikiwa na bati tupu hapo, lakini nyingine zina kapeti jeusi lililobanwa kwa klipu za plastiki. Hapa Columbus, Ohio, kapeti hilo likichakaa, mwenye gari hulibadilisha mwenyewe nje ya nyumba yake siku ya Jumamosi. Kwetu Dar es Salaam mara nyingi hutolewa na kutupwa, na mwenyewe hana habari.

Lina kazi yake. Hupunguza kelele ya injini na huzuia joto lisipande moja kwa moja kwenye bati na kuchosha rangi ya boneti. Mengi yameundwa kwa nyuzi za kioo zilizoshindiliwa na kufunikwa kitambaa. Mengine yana karatasi ya alumini upande wa injini.

Huku Ohio adui wake mkubwa ni panya. Baridi ikishika, panya hufuata joto la injini, wakalichana kapeti na kujengea viota. Ukienda gereji, saa moja tu ya kazi ya fundi inaweza kupita dola 100, ndiyo maana watu huagiza kapeti lililokatwa kwa kipimo cha gari lao na kushika bisibisi wenyewe. Mimi nimo.

Kwanza vaa glavu, barakoa na shati la mikono mirefu, maana nyuzi za kioo huwasha vibaya. Ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa cha klipu, uinyanyue taratibu. Klipu zilizookwa na joto kwa miaka hukatika hata ukizibembeleza, kwa hiyo nunua mpya kabla hujaanza. Angalia pia kile kimpira kinachopeleka maji ya kuoshea kioo. Kwenye gari nyingi kinapita hapohapo, usije ukakivuta. Kapeti jipya lianze kubanwa katikati, kisha pembeni, lisije likavutwa upande mmoja. Saa moja haiishi, kazi imekwisha.

Dar adui ni maji na oili. Vijana wa kuosha magari hupiga injini maji ya presha, kapeti likanywa, likalemaa na kuning'inia. Ukifika kwa fundi unaambiwa, "Braza, hii toa tu, haina kazi." Simlaumu. Umempelekea injini, na hakuna anayemlipa kwa ajili ya kapeti. Isitoshe, gharama ya ufundi ni ndogo, nawe umekaa kwenye benchi unasoma simu. Kwa nini ujifunze kung'oa klipu?

Lakini fundi huyohuyo ukimwambia unalitaka kapeti lako, atakushangaza. Atakutafutia la mtumba kule kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, au atalilaza lile kuukuu juu ya kipande kipya, alichore kwa chaki na kukikata kipande hicho kwa mkasi. Klipu ataazima za gari jingine zikakaa sawasawa. Huku Ohio klipu moja ikipotea, unasubiri kifurushi.

Kitu kimoja sikubaliani nacho: kubandika sponji ya godoro kwa gundi. Ni rahisi na kelele inapungua kweli, lakini sponji ile hushika moto upesi, na gundi ya kawaida hulegea kwa joto. Ikidondoka juu ya egzosi, unaweza kupoteza gari zima.

Basi ndugu zangu mlio nyumbani, endeleeni kumwachia fundi bisibisi, ila simameni pale boneti ikifunguliwa. Kapeti likiwa zima, alirudishe. Likiwa limelowa oili, msilianike juani mkalirudisha. Oili inawaka, litupwe na litafutwe jingine lililotengenezwa kwa ajili ya boneti. Likikosekana kabisa, endesheni na bati tupu. Sponji ya godoro ikataeni, hata mkipewa bure.