Santuri za Manamba

Kasulu na Kibondo hazikuwa na kampuni ya santuri, ila zilikuwa na manamba. Enzi za Mwingereza, vijana wa Buha waliandikishwa na SILABU, shirika la kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, wakateremka Kigoma na kupanda gari moshi kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Waliorudi walikuja na mablanketi, baiskeli, na wachache gramafoni. Kwetu Munanila, karibu na mpaka wa Burundi, baba mkubwa alikuwa mmoja wa hao wachache. Mimi muziki wa dansi niliujulia kwenye sanduku lake la santuri.

Kupiga santuri kulikuwa na utaratibu wake. Betri zilianikwa juani tangu asubuhi. Sindano haikuguswa na mtu ila yeye. Kabla ya kuishusha alisoma kwa sauti maandishi ya katikati: kampuni, wimbo, bendi. Kisha akataja na mji. Cuban Marimba, Morogoro. Atomic na Jamhuri, Tanga. Kiko Kids, Tabora, stesheni ambayo kila manamba wa kwetu aliipita. Western Jazz ilipiga Dar es Salaam, lakini jina lake lilimkumbusha Jimbo la Magharibi, lililokuwa jimbo letu, naye akaipenda kama ya nyumbani. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilipofunguliwa 1963, mtu aliweza kutoka Kigoma hadi Tanga kwa reli tupu, na nyimbo zikarudi kwa njia hiyohiyo.

Kampuni zenyewe zilikuwa ndogo, mali ya wafanyabiashara waliowajua wateja wao. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo bendi zetu zilizifuata kampuni za Kenya. Mombasa kulikuwa na Mzuri, ya duka la Assanand, ambako Salum Abdallah wa Cuban Marimba alirekodi. Nairobi kulikuwa na Equator ya Charles Worrod, nyumba ya akina Daudi Kabaka na Fadhili William. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mwanamuziki Joseph Kabasele alianzisha Surboum African Jazz yake mwaka 1960, Mkongo akamiliki kampuni yake mwenyewe. Santuri ndogo ilibeba kama dakika tatu kila upande, na wapigaji walijua kumaliza hadithi nzima ya mapenzi, ya msiba au ya uhuru ndani ya muda huo.

Bei ya mkonge ilipoanza kuporomoka katikati ya miaka ya 60, safari za manamba zilipungua na santuri mpya zikakoma kuja milimani. Muziki haukukoma. Radio Tanzania ilirekodi bendi katika studio zake na kuzirusha nchi nzima, nasi tulinasa pia stesheni za Burundi na Kongo. Baadaye zikaja kanda. Kanda ilikuwa rahisi, mtu yeyote mwenye redio kaseti mbili aliweza kuizalisha. Lakini juu yake paliandikwa neno moja tu, Zilipendwa. Kampuni ikafutika, mji ukafutika, mwimbaji akafutika. Siku hizi kijana wa sokoni anakujazia nyimbo mia kwenye kadi ya simu, na kila wimbo una namba badala ya jina.

Wakati sisi tunapoteza majina, wengine waliyakusanya. John Storm Roberts, Mwingereza aliyefanya kazi ya gazeti Nairobi tangu 1964, alianzisha Original Music nchini Marekani mwaka 1982, akatoa albamu za mikusanyiko kama Songs the Swahili Sing na Tanzania Sound. Mwaka 1995 ikatoka Dada Kidawa, yenye nyimbo za Tanzania za miaka ya 60. Mjerumani Werner Graebner akakusanya nyimbo za Salum Abdallah za 1955 hadi 1965 katika Ngoma Iko Huku. Kisha, kuanzia 2005, akasimamia mfululizo wa Zanzibara chini ya kampuni ya Buda ya Ufaransa. Albamu ya tatu ya mfululizo huo, Ujamaa, ni ya dansi letu la miaka ya 60.

Ngoma Iko Huku niliipata Dar es Salaam nikiwa mtu mzima, nikapanda nayo Munanila. Kilichonigusa kuliko sauti ni kile kijitabu cha ndani, kwa sababu kilifanya kazi aliyoifanya baba mkubwa: kilitaja. Nilipomsomea, alizitambua nyimbo kabla hazijapigwa, akanieleza aliisikia ipi kwenye kambi ya mkonge na alicheza na nani. Halafu akauliza: "Wenyewe wamepata chochote, mwanangu?" Salum Abdallah alifariki kwa ajali mwaka 1965. Wanamuziki wengi wa zama zile walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi, santuri ikaendelea kuuzwa.

Swali lake ndilo ninalolibeba. Nawashukuru waliokusanya kwa moyo wote, maana bila wao tungebaki na neno Zilipendwa peke yake. Lakini vijitabu hivyo vimeandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, navyo vinauzwa mbali na watu walionunua santuri zenyewe kwa jasho la mkonge. Jina likishajulikana, mjukuu wa mpiga gitaa anaweza kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kudai haki. Wimbo wenye namba tupu hauna wa kuudai.

Nyumba za Kasulu, Kibondo na Buhigwe bado zina masanduku juu ya dari. Mwenye nalo na alishushe, hata kama santuri zimekwaruzika na haziimbi tena. Anakili maandishi ya katikati, jina kwa jina, kisha amwulize mzee aliyezileta alizinunua wapi na mwaka gani. Kazi hiyo haihitaji studio, na mikusanyiko ijayo tutaweza kuiandika wenyewe kwa Kiswahili.