Barua kutoka Muscat: Ufa Haupewi Panadol

Wa nyumbani Lunga Lunga,

Video mliyonitumia kutoka Diani nimeiona. Fundi wetu kakoroga simiti, kaupaka ufa wa bwawa la kuogelea, kapitisha rangi, kisha kainua dole gumba: "Imekwisha hiyo!" Hongera, mdogo wangu, mkono wako mwepesi. Ila masika yakija utaitwa tena, na hutaitwa kunywa chai.

Kibarua changu huku ni mabwawa hayo hayo. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Omani inakataza kazi ya juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kwa hiyo tunaamkia kazini alfajiri. Hata hivyo, msimamizi hakuachii mwiko mpaka umjibu: ufa umetokana na nini? Nyumbani nasi tuna swali letu: simiti iko wapi?

Kuchunguza hakuhitaji vifaa ghali. Zima pampu, weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja. Baada ya saa 24, maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, bwawa linavuja. Yakishuka sawa, ni jua tu. Maji yakitulia, dondosha rangi ya chakula karibu na ufa: ikivutwa ndani, panavuja hapo. Gonga plasta, ikilia tupu, imeachana na zege. Ukiona madoa ya kutu, nondo zinaliwa. Kutu huvimba, ikapasua zege. Na ule mchanga wa baharini mnaoupendea bure, chumvi yake ndiyo inayozila nondo hizo.

Sasa tibu. Chimba ufa uwe mfereji, sugua kwa brashi ya waya, toa vumbi, loanisha, ndipo ujaze simiti maalumu ya kuzuia maji. Penye kutu, vunja zege mpaka uisafishe nondo yote. Ufa unaozidi kupanuka usiuzibe kwa simiti. Tafuta dawa inayonyumbuka. Kiraka cha simiti kifunike kwa magunia mabichi siku 7. Na masika msilikaushe bwawa: maji ya ardhini yanaweza kuliinua likiwa tupu.

Nanyi wenye nyumba, msijifiche nyuma ya fundi. Mnamtaka amalize leo kwa kuwa mgeni anaingia kesho, kisha mnamwita mbabaishaji. Mlipeni siku ya kuchunguza kama mnavyomlipa siku ya kupiga plasta. Hamtaki? Basi msilalamike mkimlipa kila mwaka kwa ufa ule ule.