Gari Nyeusi ya Harusi na Vumbi la Ulemo

Msimu wa harusi ukiingia naulizwa hina, naulizwa udi, naulizwa liwa. Safari hii bi harusi mtarajiwa kaniuliza gari. Wameazimwa gari nyeusi ya kumchukulia, na mwenyewe kasema irudi kama ilivyotoka. Afanyeje isikwaruzwe? Nimecheka kwanza. Kisha nikaikumbuka harusi ya Ulemo, kicheko kikaisha.

Mnaonijua mnajua nimeolewa Bara. Ukweni kwangu ni Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, huko kwenye mawe makubwa na mashamba ya alizeti. Mwezi wa 9 mvua bado na upepo haupumziki, na vumbi lake si unga laini kama unavyodhani. Ndani yake mna chembe za mchanga utokanao na yale mawe, ngumu kuliko rangi ya gari yoyote. Shemeji yangu alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza. Rafiki yake wa Singida mjini akamwazima Crown nyeusi, ikafika usiku ikiwa imegeuka rangi ya udongo.

Asubuhi nawakuta vijana wawili wameshika khanga kavu, wako tayari kuifuta haraka haraka. Nikapiga kelele mpaka mama mkwe akatoka jikoni.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa rangi za magari Unguja, na maneno yake nimekua nayo. Rangi ya gari nyingi za siku hizi ina tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita klia. Ni jembamba mno, mara nyingi halifiki unene wa unywele. Ukifuta vumbi kavu, kila chembe inachora mstari wake kwenye klia hiyo. Gari nyeupe inakustiri, mistari haionekani. Nyeusi inaanika kila kitu: jua likipiga unaona duara za mistari kama utando wa buibui, kwa sababu kila mkwaruzo unarusha mwanga wake na weusi unaouzunguka haurushi kitu. Hata buluu nzito na hudhurungi ni hivyo hivyo.

Maji Ulemo hayachezewi, yanabebwa kwa madumu. Tulipewa 5 ya lita 20. Mawili tukamwagia gari kwa kopo, tukianzia juu ya paa, bila mkono wa mtu kugusa. Hapo ndipo kazi kubwa ilipo, vumbi liondoke na maji lenyewe. Dumu la tatu tukaligawa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa tu. Kitambaa kikitoka kwenye gari kinaingia kwanza ndoo ya kusuuzia, mchanga unabaki chini, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Mkono unakwenda mstari mmoja mmoja, hauzungushwi, na sehemu za chini karibu na matairi zinaachwa mwisho maana ndizo chafu zaidi. Madumu mawili ya mwisho yakaondoa povu. Tulikuwa kivulini, kabla jua halijapanda, sabuni isikaukie kwenye bati.

Mwenye gari, Allah amjaze kheri, aliacha kwenye buti shampuu ya gari na vitambaa vya maikrofaiba. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa nta inayoilinda rangi. Na kitambaa kikianguka chini basi kimekufa kwa siku hiyo, usikiokote ukaendelea. Kukausha ni kulaza taulo na kulivuta taratibu, au kubonyeza tu.

Sasa mapambo, na hapa mabi harusi nisikilizeni. Utepe wa satini kwenye boneti unapendeza, lakini gari ikienda kasi unapigapiga, na vumbi likiwa chini yake unageuka msasa. Sisi tuliufunga tulipokuwa tumekaribia nyumba ya bwana harusi, tukaukaza usichezecheze. Gundi ya karatasi juu ya rangi sikuikubali kabisa.

Yote hayo tuliyafanya, na bado lilitokea. Wakati wa picha mgeni mmoja aliegemea mlango wa nyuma, abaya yake imejaa mawe ya kumetameta mgongoni. Jioni shemeji akauona mstari mwembamba, urefu wa kiganja. Mashoga, mama wa bi harusi hakula. Pesa zote zilikuwa zimekwenda kwenye sherehe, na kupuliza mlango mzima si bei ya mchezo. Kuna waliosema apakwe mafuta ya taa, mlango utang'aa na mwenyewe hatagundua. Ni kweli mafuta yanauficha mkwaruzo siku moja mbili. Yakikauka unarudi, na vumbi limeganda juu yake. Na hiyo ni amana ya mtu, tunaificha kwa nani? Shemeji akampigia mwenye gari usiku ule ule, akamweleza.

Asubuhi nikapitisha ukucha juu ya mstari, polepole. Haukukwama. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umekwenda ndani na hapo ni kazi ya fundi wa rangi. Usipokwama, mara nyingi uko kwenye klia tu, na polishi laini inatosha. Polishi haijazi mkwaruzo. Inakula kidogo ya klia iliyouzunguka mpaka kingo zake zilainike, kwa hiyo kila ukipiga unapunguza kitu kisichorudi. Ndiyo maana baba alikuwa hapendi watu wapige kompaundi kila mwezi. Dawa ya meno nayo inakwaruza, na mara nyingi inaacha ukungu.

Fundi wa Singida mjini aliiosha sehemu ile, akajaribu mahali padogo kwanza, akapiga polishi kwa mkono na kumalizia na nta. Alikiangalia kitambaa chake: kikitoka na weusi, gari haina klia na unaondoa rangi yenyewe, inabidi uende taratibu zaidi. Chake kilitoka safi. Mstari ukapotea, isipokuwa ukiinama jua likiwa upande mmoja.

Mwenye gari aliinama. Akaona, akacheka, akasema huo ameusamehe, kisha akauliza ni nani aliyeiosha. Vile vitambaa vyake nilivifua peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, nikavikausha ndani vumbi lisivifikie, na vilirudi kwenye buti vikiwa vimekunjwa.