Pazia fupi lilivyomnyima mdogo wangu usingizi

Wengi wetu tunapohamia nyumba mpya hapa Nairobi, mapazia ndiyo hushughulikiwa mwisho. Kitanda kimeshapangwa, mtungi wa gesi umeshaunganishwa, ndipo mtu anakumbuka kwamba majirani wa ghorofa ya ng'ambo wanamwona anavyokula. Basi leso inatundikwa kwa misumari miwili, na kesho yake yananing'inizwa yale yale mapazia yaliyotoka nyumba ya zamani, yatoshe yasitoshe. Wenye nyumba nao kila mmoja hujenga madirisha apendavyo. Lililokuwa pazia refu kule Kayole laweza kugeuka aproni pale Umoja.

Aghalabu watu hulichukulia jambo hili kuwa la urembo tu, la kina mama wenye nafasi. Kwa mdogo wangu lilikuwa la afya, yake na ya watu wengine pia.

Mdogo wangu ni muuguzi. Zamu ya usiku inapomfikia, hutoka kazini asubuhi, akapambana na matatu, na saa tatu ndiyo anaweka kichwa kwenye mto. Chumba chake ni kimoja na dirisha linatazama mashariki. Msomaji walijua jua letu: kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwaka mzima huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na kufikia saa tatu limeshaingia chumbani likakalia kitanda. Mapazia aliyohama nayo yalikuwa mazito, rangi ya damu ya mzee, na yeyote angedhani yanatosha. Lakini yalikuwa yamekatwa sawasawa na kioo. Mwanga ulipenya pembeni, ukapenya juu, na pale katikati yalipokutana ukashuka kama kisu hadi usoni mwake.

Akawa analala saa mbili, tatu, kisha anaamka kichwa kinamgonga. Jioni moja aliniambia, "Dada, usiku nimesoma kipimo cha dawa mara nne ndipo nikayaamini macho yangu." Maneno hayo yalinitia hofu. Ni mgonjwa gani aliyelala wodini angejua kwamba usalama wake unategemea kitambaa kilichopungua huko Umoja?

Jumamosi iliyofuata nilimwendea na tepu ya chuma. Nasema ya chuma kwa sababu ile ya kitambaa ya fundi cherehani hutanuka kadiri inavyozeeka, na kwenye dirisha kosa la sentimita tatu huonekana. Tulipima upana mara tatu: juu, katikati na chini. Kuta zetu hazikunyooka jinsi mafundi wa ujenzi wanavyodai, kwa hivyo tulichukua kipimo kikubwa. Dirisha lilikuwa sentimita 120 kwa 120.

Sasa hapo ndipo watu wengi huishia, wakakimbia dukani na hiyo 120. Lakini pazia halivalishwi kioo, huvalishwa fimbo. Fimbo yenyewe yafaa ipite dirisha kwa sentimita 15 au 20 kila upande, na ikae sentimita 10 hadi 15 juu ya fremu. Ukifanya hivyo mwanga hauna pa kupenyea, na ukitaka kufungua, kitambaa husogea ukutani kikakuachia kioo chote. Kwa mdogo wangu tuliongeza 20 kila upande, fimbo ikawa sentimita 160. Urefu tulipima kutoka kwenye fimbo, si kutoka kwenye fremu, hadi sakafuni, tukatoa sentimita mbili ili pazia lisideki sakafu. Tukapata 213.

Kitambaa chenyewe hakikatwi 160. Pazia lisilo na marinda huonekana kama shuka iliyoanikwa, na likivutwa huacha mwanya katikati. Zidisha upana wa fimbo mara mbili. Ukiwa na uwezo, mara mbili na nusu. Yetu ikawa 320 kwa mapazia mawili, kisha mapindo ya pembeni. Kwenye urefu tuliongeza sentimita 25 za upindo wa juu na wa chini, jumla 238.

Tukaenda Eastleigh, ambako ukiingia duka moja la mapazia wenzake kumi wanakuita. Swali la kwanza la muuzaji ni lile lile: "Mama, nikukatie mita ngapi?" Usimjibu. Muulize kwanza kitambaa chake kina upana gani. Kuna vya mita 1.5 na kuna vya mita 2.8, na bei ya mita haikuambii lolote kabla hujalijua hilo. Tuseme cha mita 1.5 ni shilingi 500. Utahitaji vipande viwili vya urefu wa 238, yaani karibu mita 4.8, shilingi 2,400, na marinda yatapungua kidogo. Cha mita 2.8 tuseme ni shilingi 650. Hiki hugeuzwa, upana wake ukawa ndio urefu wa pazia, nawe ukakatiwa mita 3.4 tu: shilingi 2,210. Kilichoonekana ghali kimekuwa rahisi, na maua yako yamebaki kitambaa kizima. Ila kitazame kikiwa kimening'inizwa, maana kuna maua ambayo ukigeuza kitambaa yatalala ubavu.

Wanaopendelea mitumba ya Gikomba nao waende na tepu mkononi. Mapazia mengi ya huko yalishonewa madirisha ya ng'ambo, na neno la muuzaji kwamba "hii ni kubwa sana" si kipimo.

Fundi alimtilia bitana nyeusi kwa nyuma, na ncha za pembeni tukazishika ukutani kwa kulabu ndogo. Jumanne iliyofuata nilimpigia simu saa nane mchana, hakuchukua. Alinirudia saa kumi na moja jioni, sauti ingali nzito ya usingizi, akiuliza kama kuna msiba.

Kwa wanaoishi chumba kimoja, niongeze hili. Kama jiko la gesi liko karibu na dirisha, pazia refu halifai hata kidogo. Ama hamisha jiko, ama weka pazia fupi lisiloweza kupeperushwa na upepo hadi kwenye moto. Kitambaa cha pamba nacho kilowekwe na kukaushwa kabla hakijakatwa, kwa sababu hurudi kikifuliwa. Na kabla ya kutoboa ukuta, zungumza na mwenye nyumba, kwani wapo wanaokata pesa za matundu kwenye amana yako siku ya kuhama. Mdogo wangu aliruhusiwa matundu manne. Upindo wa chini fundi aliuacha wa sentimita 15, haukupunguzwa, ili akihamia penye dirisha refu zaidi aufumue.