Dirisha Jeusi

Watu wakiona dirisha jeusi kwenye kompyuta yangu huuliza kama nadukua benki. Zii. Mara ya mwisho nilikuwa natafuta pesa za chama cha mama.

Mweka hazina alishukiwa kula michango, na kikao kilikuwa kesho yake. Meseji zake za M-Pesa za miaka 3 tulikuwa nazo kwenye faili moja ya maandishi, mistari zaidi ya 6,000. Nani atasoma hizo zote usiku mmoja? Nikaandika grep, jina la mwanachama, jina la faili, nikabonyeza Enter. Zikatoka zake tu, tarehe na kiasi. Nikaenda hivyo hadi mwanachama wa 18.

Grep aliiandika Ken Thompson miaka ya 1970, kabla Linux haijazaliwa 1991, na kwenye kikompyuta changu kikuukuu cha GB 2 haili hata bando.

Ninachoipendea terminali ni kwamba amri inabaki imeandikwa, mtu mwingine anaweza kuirudia. Kubofya-bofya hakuachi alama hiyo. Kikaoni mama alitaka mweka hazina mwenyewe aichape, wote wakiangalia.

Zilikosekana shilingi 500 pekee. Asiyetoa alikuwa yule aliyepiga kelele kuliko wote.