Baraza na Masjala: Kazi ya Shirika katika Mtandao

Mwezi Desemba, 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipolitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Tangu siku hizo, litajwapo neno utamaduni, aghalabu fikira zetu huziendea ngoma, mavazi, lugha na mashairi. Ni mara chache tunapofikiri juu ya vyombo vinavyoubeba utamaduni huo kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini maji hayabebeki bila mtungi, na mtungi ukiwa na ufa, hata maji yawe matamu namna gani hayatafika nyumbani. Katika makala haya nakusudia kueleza vyombo vitatu vipya vilivyoingia mikononi mwetu katika miaka hii ya karibuni, yaani vyombo vya mtandao ambavyo kwavyo watu wengi waweza kuandika, kusahihishana na kujadiliana, ingawa kila mmoja yuko mji wake.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Elimu yangu ni ya sekondari, na kazi niliyoifanya kwa miaka zaidi ya 25 ni ya masjala: kufungua majalada, kuyapa namba, kuyatunza, na kuyatoa yanapohitajiwa. Baada ya saa za kazi hutunga mashairi. Basi nisemayo hapa ni maneno ya mtumiaji wa kawaida, ashikaye simu mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Pengine hilo si upungufu, kwani nyumba huijua zaidi mjenzi, lakini panapovuja hupajua mpangaji.

Kazi ya shirika si ngeni kwetu. Nimezaliwa katika milima ya Upare, ambako wazee wetu walikuwa na msaragambo. Baragumu lilipolia, kila nyumba ilitoa mtu na jembe lake, wakaenda kuchimba mfereji au kuzibua ndiva, yaani lile bwawa dogo la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Msaragambo ulikuwa na siri mbili. Ya kwanza, kila mtu alionekana: aliyelima alijulikana, na aliyekaa kivulini alijulikana pia. Ya pili, kazi haikwisha siku mfereji ulipokamilika, kwani mfereji usiozibuliwa hujaa tope, na shamba likakauka ilhali mto una maji. Naomba msomaji aziweke siri hizi mbili moyoni, maana tutazihitaji.

Katika ushairi wetu vilevile shirika ni la zamani. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, liliwapa malenga uwanja wa kuulizana na kujibizana, na magazeti yaliyofuata yakaiendeleza desturi hiyo. Malenga wa Lindi alitega fumbo, wa Tanga akalitegua, na wa Mombasa akawakosoa wote wawili. Jibu lilikawia, lakini lilipofika lilikuwa na jina la mwenyewe na mji wake. Aliyeshinda alijulikana, na aliyeshindwa alijulikana.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Cha kwanza ni wiki. Mswahili akilisikia neno hilo hufikiri siku saba, lakini hili lina asili ya lugha ya visiwa vya Hawaii, na maana yake ni haraka. Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyelitumia mwaka 1995 kuiita tovuti yake, ambayo kila msomaji aliweza kuzihariri kurasa zake. Mwaka 2001 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo ya Wikipedia kwa utaratibu huo, na mwaka 2003 ikazaliwa ile ya Kiswahili. Leo hiyo yetu ina makala zaidi ya 80,000, na ile ya Kiingereza ina milioni 7 hivi.

Nilipoifungua mara ya kwanza, macho yangu hayakudumu katika makala. Yalivutwa na maneno mawili yaliyo juu ya ukurasa: Majadiliano na Historia. Ukibonyeza Historia, utaona kila badiliko lililofanywa tangu ukurasa ulipozaliwa, pamoja na tarehe, saa, na jina alilojichagulia mhariri. Hata sentensi iliyofutwa bado imo, na yaweza kurudishwa mahali pake. Nilicheka peke yangu, kwani nililitambua jalada la serikali. Katika masjala, ofisa akiandika dokezo hutia saini na tarehe. Kila folio hupewa namba, wala hakuna mwenye ruhusa ya kuichomoa karatasi kwa kuwa haikumpendeza. Akikosea, husahihisha kwa dokezo jipya, na lile la zamani hubaki. Jalada halimzuii mtu kukosea, lakini halikubali kosa lake lifichwe.

Chombo cha pili ni kundi la WhatsApp, programu iliyoanzishwa mwaka 2009 na ambayo leo imeenea hadi vijijini. Hili ni baraza. Humo mna salamu, rambirambi, michango ya harusi, fumbo lililotegwa asubuhi na kuteguliwa kabla chai haijapoa. Kundi letu la malenga lina watu wa Tanga, Unguja na Mombasa, na wawili walioko Muscat. Uchangamfu wake siusemi vibaya, kwani ndio uhai wa ushairi. Lakini baraza halina jalada. Neno la asubuhi hufunikwa na maneno mia ya jioni, na simu ikipotea bila kuwekewa akiba, hupotea na kila kilichokuwamo.

Tena kuna dhara kubwa kuliko kupotea, nalo ni jina kukatika. Palikuwa na mzee mmoja malenga wa Pangani, aliyekuwa mwalimu wetu wengi katika sanaa hii. Alifariki mwaka 2011 bila kuacha diwani. Tungo zake zilibaki katika kurasa za magazeti ya zamani, katika kanda, na katika vifua vya watu. Miaka michache iliyopita shairi lake moja juu ya subira lilianza kuzunguka katika simu. Mara ya kwanza nililipata likiwa na beti 7. Mara ya pili lilikuwa na beti 6, na ubeti uliokosekana ni kaditama, ambamo kwa desturi ya malenga wetu alikuwa ametia jina lake na mji wake. Mara ya tatu lilikuja juu ya picha ya waridi, na chini yake pana jina la mtu mwingine kabisa. Mjane wake alitumiwa picha hiyo na jirani, akaambiwa asome maneno mazuri ya bwana huyo. Nilipokwenda kumjulia hali, mama yule aliniuliza swali moja tu: “Mwanangu, kumbe hata jina nalo hufa?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Usiku ule nilipeleka barazani ubeti huu:

Beti mnazozitoa, msikate ya mwishoni,
Jina mnaloling’oa, ni la mtu si la jani,
Kazi aliyoinoa, miaka mingi nyumbani,
Mwenyewe tukimwondoa, itabakia ya nani?

Majibu yalikuja kwa wingi. Mmoja alipiga picha kipande cha gazeti alichokuwa amekihifadhi ndani ya msahafu. Mwingine alikuwa na kanda ya redio, akaicheza mbele ya simu, nasi tukasikia sauti ya marehemu mwenyewe katikati ya mikwaruzo. Mwalimu mstaafu mmoja wa kike alileta beti 3 alizozikariri akiwa msichana wa shule. Baada ya miezi miwili tulikuwa na mashairi 31. Baraza, kwa wingi wake wa watu, lilikuwa limefanya jambo ambalo masjala yangu isingeliweza kamwe.

Lakini kukusanya ni kazi moja, na kutunza ni nyingine. Hapo ndipo binti yangu alipotufungulia chombo cha tatu, yaani waraka wa pamoja: karatasi iliyo mtandaoni, ambayo watu kadhaa waweza kuiandika kwa wakati mmoja, na ambayo huyahifadhi maandiko yake ya awali kama ile wiki. Kila shairi tuliliandikia aliyelileta, alikolipata, na siku aliyolileta.

Ugomvi haukukosekana. Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, alikuta neno mato mwishoni mwa mstari, akalifuta, akaandika macho, na pembeni akaeleza: “Shikamooni wazee wangu. Nimerekebisha kosa la uchapaji.” Yule mwalimu mstaafu akamjibu: “Marahaba, mwanangu. Mato si kosa. Ndiyo macho kwa Kimvita, na malenga wa pwani wameyatumia tangu zamani. Tena tazama kina: mstari wa juu unakwisha kwa moto, na wa chini kwa mtoto. Ukitia macho, shairi limetoboka.” Kijana alilirudisha neno kwa mkono wake mwenyewe, akashukuru. Mazungumzo hayo yangali pembeni mwa waraka, na nadhani yatawafunza watakaokuja kuliko maelezo marefu ya vitabuni. Chombo kiliyahifadhi maneno yote mawili, lakini hakikuweza kuamua lipi ni sahihi. Elimu ndiyo iliyoamua, na adabu ndiyo iliyoiwezesha elimu kusikilizwa. Mahali ambapo kanda na gazeti vilihitilafiana, nasi hatukuwa na hoja ya kuchagua, tuliandika yote mawili.

Tulipofika hapo, baadhi yetu walitaka kuyapeleka mashairi hayo moja kwa moja katika Wikipedia. Palikuwa na vizuizi viwili, na vyote vina maana. Cha kwanza ni haki ya mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hivyo idhini ni ya warithi. Tuliwaendea, wakatubariki tuyachape kuwa diwani. Kizuizi cha pili ni kwamba kamusi elezo ile haipokei habari ambayo haijachapishwa mahali pa kuaminika. Wako wanaolaumu kwamba kanuni hiyo inawafungia mlango watu ambao elimu yao imo midomoni, na lawama hiyo ina ukweli. Hata hivyo mtu wa masjala huielewa kanuni yenyewe, kwani barua isiyo na mwandikaji hatuipi folio. Dawa yake iko mikononi mwetu: tuwahoji wazee, tuandike, tuchape. Diwani ikishatoka, yeyote ataweza kuandika maisha ya malenga yule na kuonyesha kitabu alikoyatoa.

Turudi sasa katika zile siri mbili za msaragambo. Ya kwanza ilikuwa kuonekana kwa mtenda kazi. Chombo kinachohifadhi jina la mtenda kazi hujenga utamaduni, na chombo kinachorahisisha kulikata jina huubomoa, hata kama kinatufurahisha. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari ya maneno yasiyo na mwenyewe: mwaka 2019 walipunguza idadi ya watu au makundi ya kusambaziwa ujumbe kwa mara moja iwe 5, na mwaka 2020, kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mno, ikawa moja tu. Walifanya hivyo kwa kuogopa uvumi. Sisi tuogope pia wizi wa majina.

Siri ya pili ilikuwa kuuzibua mfereji. Makala nyingi za Wikipedia ya Kiswahili ni sentensi mbili tatu, zikingoja mtu wa kuzikuza, na wenye kuzikuza ni wachache. Sisi wasomaji tu wengi, na kila siku twanywa maji ambayo wengine wameyachimbia mfereji. Najua vifurushi vya intaneti vina gharama, na wazee wetu wengi wana simu ndogo za kupigia tu. Ndiyo sababu shirika halina budi kuwa la mikono mingi: mzee aseme, kijana aandike, mwalimu asahihishe, na jina la kila mmoja libaki mahali pake.

Kwa hiyo naona kila chombo kina kazi yake. Baraza litumike kukusanya na kuchangamsha, waraka wa pamoja utumike kupanga na kusahihisha, kitabu kithibitishe, na kamusi elezo iwaonyeshe wengine njia ya kukifikia kitabu. Tukiacha mashairi yetu yaishie barazani, wajukuu wetu watayapata yakiwa kama waridi za kwenye picha, yenye rangi lakini hayana mizizi. Maofisa utamaduni wa wilaya, walimu wa Kiswahili na vijana wenye simu waweza kuianza kazi hii bila kungoja fungu wala waraka wa serikali. Na asiyeweza lolote katika hayo, analo dogo liwezalo kufanywa leo hii: kabla hajasambaza shairi alilolipenda, ahakikishe kwamba ubeti wa mwisho umo.