Nani Alibeba Mizigo?

Sukayu ni nyumba ya wageni ya zamani yenye chemchemi za maji moto, iliyojificha katika milima ya Hakkoda, mkoa wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu. Tarehe 26 Februari 2013, kipimo cha hali ya hewa kilichopo hapo kilisoma sentimita 566 za theluji ardhini. Nyumba yetu ya Marangu ingezama ndani yake, bati na yote, na migomba ya jirani isingeonekana hata ncha.

Sababu yake ni rahisi kwa mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro. Upepo mkavu wa baridi hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ambayo maji yake hayagandi, hunywa mvuke njiani, kisha hugonga milima na kulazimika kupanda. Ukipanda, hushusha mzigo. Kwetu upepo hutoka Bahari ya Hindi na mzigo wake ni mvua. Ndiyo maana kahawa na migomba imestawi upande wetu wa mlima. Hakkoda mzigo huo ni theluji, na hushuka usiku na mchana, kuanzia Desemba.

Usidhani ni mahali pa kifahari. Hakuna mtaa wa maduka wala muziki wa usiku. Kuna gari la waya moja lililoanza kazi mwaka 1968, viti vichache vya waya pembeni, mkahawa wa tambi za moto, na basi linalopita kwa nadra. Wanaokuja hapa hufuata kitu kimoja: theluji ya unga, laini na nyepesi, ambayo hakuna mashine iliyoishindilia.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa uzamili Sendai, majira yangu ya tatu ya baridi. Kuteleza kwa skii nilijifunza kwenye vilima vya karibu na mji, nikianguka mbele ya watoto wa chekechea waliokuwa wakinipita kama samaki. Senpai wangu wa maabara, mtu wa Aomori, aliniambia kuwa nisiondoke Japani bila kuona mlima wa kwao. Nilikubali haraka. Sikumwambia kuwa baba yangu amekanyaga theluji miaka ishirini na miwili na hajawahi kuisifu hata siku moja.

*

Baba alikuwa mgumu. Ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, wagumu, na jina lenyewe linatosha kueleza kazi. Sheria inasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Baba alianza kabla mizani haijawekwa getini. Alibeba mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, mayai, na mara moja, kwa simulizi lake mwenyewe, keki ya harusi. Alipanda akiwa na raba alizonunua mtumbani Moshi mjini.

Jambo moja alilisimulia mara moja tu, nikiwa kidato cha pili. Jioni moja juu kule mvua iligeuka theluji, na wapagazi walipofika kambini walihesabiana wakakuta mmoja hayupo. Walimsubiri. Walipiga filimbi, wakaita, wakagonga sufuria. Wawili walirudi nyuma na tochi wakashindwa kuona mikono yao. Asubuhi walimkuta amekaa chini ya jiwe, mzigo wa mgeni ukiwa pembeni yake, umefunikwa vizuri kwa koti lake mwenyewe.

“Alilifunika begi,” baba alisema. Kisha akaomba maji ya kunywa.

*

Kabla ya kupanda mlimani, senpai alinipeleka kwenye jumba la makumbusho katika mji wa Aomori linalohusu msiba wa Januari 1902. Wakati huo Japani ilikuwa ikijiandaa kwa vita na Urusi, na jeshi lilitaka kujua kama askari wanaweza kusafiri katika theluji. Kikosi cha watu 210 kilitoka Aomori kuvuka Hakkoda, kikivuta mizigo kwa mateleo ya mbao. Dhoruba iliwakuta njiani. Walikuwa hawana mwenyeji wa kuwaongoza. Walizunguka katika weupe kwa siku kadhaa, na 199 walikufa.

Siku hizohizo kikosi kingine, cha watu wasiofika 40, kilitoka Hirosaki na kuvuka milima hiyohiyo. Hicho kilichukua wanavijiji wa kukiongoza. Askari wote walirudi nyumbani. Wale wanavijiji, waliotangulia mbele wakipasua theluji kwa vifua vyao, walirudi na miguu iliyoumizwa na barafu na malipo kidogo.

Nilisimama mbele ya picha za askari muda mrefu. Sura zao zipo, na vyeo vyao vipo. Nilichotaka kuona ni sura za wanavijiji.

*

Gari la waya hupanda kwa dakika kumi. Tulisongamana ndani kama abiria wa daladala ya jioni, skii zimesimama wima, vioo vimejaa ukungu wa pumzi. Dakika kumi. Mwaka 2019, serikali yetu iliposema inafikiria kuweka gari la waya Kilimanjaro, wapagazi walipinga, na baba, ambaye magoti yalikuwa yameshamstaafisha, alikaa redioni wiki nzima. “Watu watapanda na kushuka siku hiyohiyo,” alisema. “Sasa mgumu atabeba nini? Upepo?” Nilimkumbuka pale, mkono wangu ukiwa umeshika chuma, mzigo wangu ukiwa ni chupa ya chai na mkate.

Juu tulipokelewa na majitu. Matone ya mawingu yaliyo baridi kupita kiwango cha kuganda hugusa miberoshi ya mlimani na kuwa barafu papo hapo, theluji hunasa juu yake, na wiki baada ya wiki mti hupotea ndani ya umbo lenye mabega na kichwa kilichoinama. Wajapani huliita umbo hilo juhyo. Yalikuwa mamia, yamesimama katika ukungu, yote yameelekea upande mmoja.

Kiongozi wetu alikuwa mzee mfupi mwenye uso uliochomwa na jua la theluji. Alitupa kanuni mbili: hakuna kumpita yeye, na hakuna kubaki nyuma ya msaidizi wake anayefunga msafara. Tulikuwa kumi na wanne. Kisha akaingia kwenye weupe, nasi tukamfuata.

Sijui niieleze vipi theluji ile. Haina sauti. Husikii skii zikikwaruza, unasikia pumzi yako tu. Unazama hadi magotini, halafu kasi inakuinua kidogo, unazama tena, kama ngalawa kwenye mawimbi madogo. Ukigeuka, inakurukia kifuani na usoni, kavu kama unga wa sembe. Nilipoanguka nilisukuma chini kwa mkono ili niinuke, na mkono ukaingia hadi begani bila kugusa kitu. Nililazimika kupishanisha fimbo zangu mbili juu ya theluji na kuzikandamiza ili nipate pa kuegemea. Nilikuwa nacheka peke yangu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mtu akicheka ndani ya theluji.

Katikati ya msitu kiongozi alisimama, akatuhesabu kwa kidole. Akahesabu tena. Tulikuwa kumi na watatu.

Hakupaza sauti. Alipuliza filimbi mara moja, akainua mkono ili tunyamaze. Kila mtu hapo alijua kuwa kuzunguka shina la mti hubaki shimo, limefunikwa na theluji laini, na anayetumbukia kichwa chini hawezi kujitoa. Tulisubiri. Theluji ilituangukia mabegani na hakuna aliyeikung’uta. Nilitazama skii zangu zikifunikwa, kwanza ncha, kisha viatu, na nikajua jioni ile ya baba ilikuwa na uzito gani, kwa mwili na si kwa masikio.

Filimbi ya pili ilijibu kutoka juu. Baada ya muda msaidizi alitokea kati ya miti, nyuma yake kijana aliyejaa theluji hadi kwenye nyusi, akiinama kuomba radhi kwa kila mmoja wetu. Alikuwa ametumbukia hadi kiunoni, miguu chini, na skii moja ilikuwa imezama. Msaidizi alikuwa ameichimbua kwa koleo. Kiongozi alimfuta yule kijana uso kwa glavu yake, akatuhesabu mara ya tatu, ndipo tukaendelea.

*

Usiku ule, baada ya maji moto yenye harufu ya kiberiti, niliketi kwenye korido ya mbao ya Sukayu na kumpigia baba kwa video. Kwetu ilikuwa mchana. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwonyesha dirisha: theluji ilikuwa imefika nusu ya kioo, ghorofani.

Nilimsimulia. Niliposema unga wa sembe alitabasamu. Nilipofika kwenye kuhesabiwa, tabasamu likaondoka.

“Walimpata?”

“Walimpata, baba. Mzima.”

Alikaa kimya kidogo. “Nani alirudi kumfuata?”

“Msaidizi. Yule wa nyuma.”

“Na mizigo? Nani alibeba mizigo?”

“Hapakuwa na mizigo, baba. Tulipanda kwa gari la waya.”

Niliona akilifikiria hilo. Nyuma yake kuku alikatiza uani.

“Basi ndiyo maana aliweza kurudi,” alisema. “Mikono yake ilikuwa mitupu.”

Kisha akaniambia nisogeze simu karibu na dirisha, aitazame vizuri.